Ng'ambo ya Mstari Kulikuwa na Nyasi

Siku hizi tiketi ya kuwaona wasichana wa chuo wakicheza mpira wa kikapu hapa Iowa hununuliwa miezi kadhaa kabla, na ukichelewa utaangalia kwenye televisheni kama wengine. Watangazaji wanashangaa. Wanasema mchezo huu umekua ghafla. Ghafla! Mtu akiamka saa nne asubuhi akakuta chai mezani, naye atasema imechemka ghafla. Mimi nilikuwepo wakati kuni zinachanjwa, na mdogo wangu Lavonne alikuwa mmoja wa walioshika shoka. Kwa hiyo naomba niachwe niseme.

Sisi ni akina Hoekstra wa Oostveld, mji wenye makanisa mawili, ghala moja la nafaka na ukumbi wa mpira unaoweza kumeza wakazi wote na bado ukabaki na nafasi ya wageni. Katika shule zetu wasichana walicheza sita kwa sita. Wafungaji watatu walikaa nusu moja ya uwanja, walinzi watatu nusu nyingine, na katikati palikuwa na mstari ambao hakuna aliyeruhusiwa kuuvuka. Mfungaji kazi yake kufunga tu. Mlinzi kazi yake kulinda tu. Akiunyakua mpira aliudunda mara mbili, basi, kisha akawarushia wenzake wa ng'ambo. Aliweza kumaliza miaka minne ya shule bila kuurusha mpira kikapuni hata mara moja. Na asidhani mtu kwamba ulikuwa mchezo wa kitoto. Fainali za jimbo zilijaza ukumbi mkubwa wa Des Moines mpaka watu wakakaa kwenye ngazi, huku wavulana wetu wakitazamwa na mama zao.

Mimi nilikuwa mfungaji. Kuna siku nilifunga pointi hamsini na nne, na nikiringa nina haki ya kuringa. Lavonne, niliyempita miaka minane, alikuwa mlinzi, maana nani mwingine angenizuia pale nyumbani? Baba alitutengenezea uwanja juu ya banda la ng'ombe, kwenye sakafu ya mbao alikohifadhi nyasi kavu za msimu wa baridi. Nusu ya sakafu aliifagia akatundika kikapu ukutani. Nusu ya pili ilibaki na marobota ya nyasi yaliyopangwa mpaka kwenye paa. Katikati akapiga mstari kwa rangi nyeupe iliyobaki alipopaka uzio. Ng'ombe wakihema chini, sisi tulicheza juu, mimi nikishambulia, Lavonne akinigandia kama kupe, na Baba amekaa pembeni na filimbi ya chuma mdomoni. Ukikanyaga mstari, filimbi. Hata kama ulikuwa unafuata mpira uliokuponyoka, filimbi.

"Ng'ambo ya mstari kuna nini?" Baba alimuuliza Lavonne alipokuwa bado mdogo, meno ya mbele hana.

"Nyasi, Baba."

"Kwani wewe ni ng'ombe?"

"Hapana, Baba."

"Basi nyasi unazitakia nini?"

Samaki mkunje angali mbichi, na Baba alimkunja huyu akakunjika kweli. Katika miaka yake yote ya kuchezea shule ya Oostveld, Lavonne hakupigiwa filimbi ya mstari hata siku moja. Baba alijivunia jambo hilo kuliko pointi zangu hamsini na nne. Mle mgahawani, wakulima wenzake wakianza kusifia matrekta yao, yeye aliwaambia, "Mguu wa binti yangu haujawahi kugusa hata rangi." Liliniuma wakati ule, na nikisema halinichomi tena nitakuwa nadanganya.

Nilipomaliza shule, mwaka wa sitini na tisa, nilikwenda kuuliza kwenye chuo kimoja kama wana timu ya wasichana. Bibi mmoja mwenye miwani ya kamba alinijibu kwa upole, "Wasichana wetu hucheza na chuo jirani mara mbili kwa mwaka, mpenzi. Baadaye tunakunywa chai kwa biskuti." Nilirudi Oostveld nikaajiriwa kupima malori kwenye ghala la nafaka, na sikuugusa mpira mwaka mzima kwa hasira. Halafu ikapita sheria kule Washington kwamba shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali visimbague msichana. Vyuo vikaanza kuunda timu za kweli, tena vingine vikalipia wachezaji masomo. Mimi nilikuwa nimeshachelewa. Lavonne hakuchelewa.

Kocha wa Chuo cha Calder, mwanamke mrefu aliyeitwa Prudence Tolliver, mzaliwa wa Pennsylvania, alimwona Lavonne kwenye fainali za jimbo akimzuia mfungaji hatari kuliko wote. Siku hiyohiyo alitufuata hadi kwenye gari, akasema chuo kitamlipia Lavonne masomo yote. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kukanyaga chuo. Baba alimsikiliza akiwa amevua kofia, kisha akauliza swali moja.

"Mnacheza wangapi?"

"Watano, mzee. Uwanja mzima."

Baba akavaa kofia yake. "Huo ni mchezo wa wanaume," alisema, lakini hakumkataza mtoto kwenda.

Kocha Tolliver hakujua amechukua nini. Mechi ya kwanza, Lavonne alimpokonya mtu mpira, akatimka nao peke yake, uwanja mweupe mbele yake, na alipofika mstari wa katikati akasimama kama amefika ukingoni mwa shimo. Akaurusha mpira ng'ambo, kama alivyofundishwa. Ng'ambo hakukuwa na mtu. Mpira ulikwenda kumpata muuza bisi. Mechi ya pili alisimama tena, na ya tatu. Mikono ilijifunza upesi kudunda zaidi ya mara mbili, ila miguu ilikuwa ya Baba.

Mwanzoni mwa Desemba alinipigia simu nikiwa kazini kwenye ghala. Simu zetu za vijijini wakati ule bado zilikuwa za laini moja kwa nyumba nyingi. Ukiongea wewe, jirani anaweza kukusikiliza kama redio.

"Dada, Kocha ameniita ofisini."

"Amesemaje?"

"Amesema kulinda hakuna anayenifikia. Lakini timu haiwezi kucheza na watu wanne na nusu. Jumamosi tunacheza na Marquand. Nikisimama tena mstarini, baada ya Krismasi nafasi yangu anapewa msichana mwingine. Na masomo ndiyo basi, nitarudi nyumbani."

"Si uvuke tu, Lavonne! Ni rangi ile!"

"Unafikiri sijui? Usiku nalala naona navuka. Nikifika pale nasikia filimbi ya Baba. Naisikia kabisa, Dada, na hayupo."

Nikasikia mtu akivuta kamasi, na hakuwa Lavonne.

"Bi. Tjaden," nikasema, "hebu weka simu chini."

"Siwezi, mwanangu," alijibu Bi. Tjaden, mjane wa upande wa pili wa barabara, ambaye ameshasikiliza habari zetu zote tangu nizaliwe. "Nalia mwenzio. Jumamosi saa ngapi?"

Kufikia jioni mji mzima ulikuwa unajua. Na Oostveld, ukiwaambia msichana wao anacheza na yuko matatani, hawakuulizi njia. Jumamosi mchana, theluji ikianguka, tulitoka na msafara wa magari yenye taa zinazowaka kama tunakwenda kuzika. Kulikuwa na basi la shule, malori ya nguruwe yaliyooshwa harakaharaka, na vyungu vya maharage yaliyopikwa kwa nyama vikiwa vimefungwa mataulo. Baba alipanda gari langu bila kusema anakwenda wapi. Alivaa koti lake la kanisani.

Chuo cha Calder kilizoea kuwaweka watazamaji wa wasichana upande mmoja, kwenye mabenchi machache ya chini. Mlangoni alikaa kijana akisoma kitabu, na tiketi zake hazikuzidi konzi moja. Aliinua macho akatuona tunamiminika.

"Samahani, mechi ya wavulana ni kesho," akasema.

"Wavulana?" Bi. Tjaden alimkazia macho. "Mwanangu, nimekuja na chungu cha maharage maili sitini kwenye theluji. Unadhani nimefuata wavulana?"

Ikabidi watafute mtu mwenye funguo afungue mabenchi ya juu. Wasichana wa Calder walitoka kufanya mazoezi ya viungo wakakuta ukumbi umejaa, wakageukiana. Kocha Tolliver alisimama katikati ya uwanja akatazama juu, akatazama tena, akaweka mkono kifuani. Wale watu wa chuo walidhani ni muujiza. Kwetu ilikuwa Jumamosi tu. Nilijisikia kifua kimejaa mpaka vifungo vya koti vikawa taabuni: ninyi mna maprofesa, sisi tulijua siku zote kwamba msichana mwenye mpira ni mtu wa kuendewa.

Marquand walikuwa wa Illinois, warefu, wenye dharau, na walikuwa wamekuja na mashabiki wao kiasi. Habari za Lavonne walikuwa nazo. Dakika za mwanzo tu alipopata mpira na kuanza kukimbia, wakaanza kuimba, "Simama! Simama! Simama!" Naye akafika mstarini, akasimama. Mpira akampa mwenzake aliyekuwa nyuma. Illinois nzima ikacheka.

Pembeni yangu Baba akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Umeona?" akaninong'oneza. "Hajagusa hata rangi."

Nilimtazama nikataka kulia. "Baba, akisimama anafukuzwa."

"Anafukuzwa na nani?"

"Kocha! Ndiyo maana tumekuja. Hukusikia?"

Hakusikia. Mji mzima ulikuwa umesikia isipokuwa yeye, maana hakuna aliyekuwa na uso wa kumwambia Gerrit Hoekstra kwamba jambo analojivunia kuliko yote ndilo linalommaliza mtoto wake.  Alitoa mkono mfukoni, na ndani ya kiganja nikaiona ile filimbi ya chuma. Alikuwa anatembea nayo, sijui tangu lini. Akaitazama kama mtu aliyekuta jino lake mkononi, akairudisha.

"Rudi kwa nguruwe wako!" shabiki mmoja wa Marquand alimpigia kelele Lavonne.

Bi. Tjaden alisimama na mwiko wa maharage mkononi. "Nguruwe wetu wana adabu kuliko nyumba yenu nzima!"

Lazima nimtendee haki mdogo wangu: upande wetu wa uwanja hakuna aliyemvuka. Marquand walikuwa na mfungaji mmoja mwekundu wa nywele, mrefu kama mlango wa banda, namba yake ishirini na tatu. Huyo katika mechi nyingine alikuwa akifunga anavyotaka. Lavonne alimfanya asahau alikuja kufanya nini. Alimsogelea asipumue, alisoma mabega yake kabla hajageuka, akampokonya mipira mpaka yule binti akamlalamikia mwamuzi kwamba anafuatwafuatwa. Wanafunzi wa Calder, ambao sasa walikuwa wamesikia kelele na kuanza kuingia kutoka mabwenini, walianza kushangilia ulinzi. Hapo ndipo nilipojua kuna kitu kinazaliwa. Kushangilia bao kila mtu anaweza. Kushangilia ulinzi ni ustaarabu.

Lakini alisimama tena mara mbili mstarini, na kila mara Kocha Tolliver aliinamisha kichwa. Mechi ilisogea mpaka mwisho Marquand wakiongoza kwa pointi moja, mpira wakiwa nao wao. Kilichobaki kwao ni kuuweka tu mpaka saa iishe. Namba ishirini na tatu aliupokea, akautupia jicho ubao wa matokeo. Kosa. Mbele ya mlinzi wa Oostveld hutazami ubao. Mkono wa Lavonne ulipita chini, mpira ukatoka, akaondoka nao.

Ukumbi wote ulisimama. Uwanja mbele yake ulikuwa mtupu, lakini nyuma walikuwa wanakuja wawili kwa kasi, wenye miguu mirefu kuliko yake, na mpaka afike kikapuni wangekuwa wameshamfikia. Mashabiki wa Marquand wakaanza wimbo wao, "Simama! Simama!" Watu wa Oostveld wakaanza wa kwao, "Vuka! Vuka!" Nami nilikuwa napiga kelele mpaka sauti ikanikauka. Akafika mstarini.

Akasimama.

Nilifumba macho, nikayafumbua, na ndiyo maana nilikiona kilichofuata. Alisimama papo hapo, kama ng'ombe aliyefika kwenye waya wa umeme, ila mkono wake haukuushika mpira. Uliendelea kuudunda kando ya goti, taratibu. Wale wawili wa Marquand walikuwa wanakuja kwa nguvu zao zote, na hakuna duniani, nje ya Iowa, aliyewahi kujifunza kusimama namna ile. Walimpita mmoja kulia, mmoja kushoto. Namba ishirini na tatu alijaribu kujizuia, akateleza kwa makalio hadi chini ya meza ya mwenye saa. Mwenzake akamwangukia kocha wao.

Uwanja ukabaki na Lavonne na mstari.

Kelele zilipungua zenyewe. Alitazama chini, akaitazama ile rangi. Nilimwona akivuta pumzi. Karibu na mimi Baba alikuwa amesimama, kofia imekamatwa kwa mikono miwili, na midomo yake ilikuwa inacheza lakini sikusikia neno. Kisha Lavonne akanyanyua mguu wa kulia na kuuweka katikati kabisa ya mstari, akaukanyaga vizuri kama anayeua kunguni, akapita.

Alikwenda mpaka chini ya kikapu peke yake. Akaurusha mpira kwa mikono miwili, vibaya mno, kama mtu anayetupa robota kwenye gari. Uligonga ubao, ukazunguka ukingo wa chuma, ukakaa pale juu ukifikiri mambo yake, ukaingia. Ndilo bao lake la kwanza katika mechi, tangu azaliwe. Filimbi ya mwisho ililia na hakuna aliyeisikia, kwa sababu Oostveld ilikuwa imeshashuka uwanjani.

Nilipomfikia nilimshika masikio yote mawili. "Mshenzi wewe, umeniua! Ulifanya makusudi?"

Alikuwa analia na kucheka. "Kusimama ni mazoea, Dada," akasema. "Kuvuka ndiko kulikokuwa makusudi."

Kocha Tolliver alikuja akamkumbatia mbele ya watu wote, akamwambia kwa sauti ili na sisi tusikie, "Usithubutu kuacha kusimama. Wewe nifundishie na wenzako." Wanafunzi walipanda juu ya viti. Bi. Tjaden alikuwa anamgawia maharage yule kijana wa mlangoni. Nikamtafuta Baba nisimwone. Alikuwa ameshatoka nje, ameketi ndani ya gari, theluji imefunika kioo.

Njiani sikumchokoza. Nilijua kwamba alichokuwa anajivunia maisha yake yote kimekanyagwa mbele ya macho yake, na kwamba alikuwa amesimama akatazama. Kesho yake kanisani watu walimpongeza, akaitikia "Asante" moja moja. Wiki nzima baada ya hapo nilikuwa sina nafasi ya kwenda kumwona, mahindi ya mwisho yalikuwa yanaletwa ghalani.

Lavonne alikuja nyumbani siku mbili kabla ya Krismasi, nafasi yake chuoni imethibitishwa, na mimi ndiye niliyempokea kituoni. Tulipoingia uani kwetu nilikanyaga breki. Nje ya banda, kwenye theluji, marobota yote ya nyasi ya Baba yalikuwa yamepangwa chini ya turubai. Wasiolima hawatanielewa. Mkulima anaweza kuacha trekta nje, anaweza kumwacha mkwe wake nje, lakini nyasi za ng'ombe hazilali kwenye theluji. Nilidhani mzee amepata ugonjwa wa akili.

"Nyasi zinafanya nini nje?" Lavonne akauliza.

Tulipanda ngazi ya banda bila kuvua makoti. Baba alikuwa juu, ametupa mgongo, anafagia. Sakafu nzima ilikuwa wazi, kutoka ukuta hadi ukuta. Sikuwahi kujua kwamba ni kubwa vile. Kwenye ukuta wa ng'ambo, palipokuwa na nyasi tangu babu yake alipojenga banda, kulikuwa na kikapu kipya, ubao wake bado una harufu ya msumeno. Mstari mweupe ulikuwepo palepale katikati. Hakuufuta. Filimbi ilikuwa imetundikwa kwenye msumari kando ya mlango, na utando wa vumbi ulikuwa umeanza kuikalia.

"Ng'ombe watakula nini, Baba?" Lavonne alimuuliza.

"Ng'ombe watakula. Hilo halikuhusu." Hakugeuka. Alifagia mpaka kwenye mstari, akasita kidogo hapo, akaendelea upande wa pili. Kisha akatoa mpira nyuma ya mlango akamrushia.

"Haya," alisema. "Kuna nini ng'ambo?"